Siku Tuta la Bwawa Lilipokatika

Juzi nilisahau bakuli la chicha juu ya meza ya jikoni. Nilikuwa nimekuna nazi kwa ajili ya wali wa wageni, nikakamua tui, na yale makapi nikayaacha pale kwa uchovu. Asubuhi nilipofungua mlango wa jikoni, hapa ghorofani kwangu Ganjoni, harufu ilinipokea kabla sijawasha taa. Ilikuwa chachu na nzito, na ndani yake mlikuwa na utamu wa mbali, kama maziwa yaliyolala mahali pasipofaa. Mume wangu alipita ameziba pua, akauliza kama kuna panya aliyefia chini ya kabati. Mimi nilivuta pumzi ndefu nikacheka peke yangu. Msinione mwehu. Ile ndiyo harufu ya utoto wangu, na yeyote aliyekaa nami dawati moja miaka ile atakuwa shahidi.

Kwetu Kibokoni, chicha haikuwa taka. Kila asubuhi kabla ya shule nilipita na ndoo katika vichochoro vya mtaa, nikibisha mlango mmoja baada ya mwingine. "Hodi! Nimefuata chicha." Mji wa Kale mzima unapika kwa nazi, kwa hiyo ndoo haikuchukua muda kujaa. Nilipanda nayo hadi sakafuni, juu ya paa bapa la nyumba yetu, nikaianika kwenye mkeka mkuukuu, na Bibi, mamake Baba, akakaa kivulini na ufito kuwafukuza kunguru. Ikishakauka, Mama aliitwanga pamoja na vumbi la dagaa na pumba za mahindi, ikawa unga wa rangi ya kahawia unaonata vidoleni. Harufu ile iliingia kwenye nywele, kwenye sare ya shule, kwenye buibui la Bibi. Chuoni, tulikosoma Kurani, mwalimu alifungua madirisha kila nilipoingia, bila kusema neno, maana alikuwa mstaarabu. Watoto hawakuwa wastaarabu. Waliniita Zai Chicha.

"Mwambie anayekucheka aje ale mchana kwetu," Mama alisema nilipomlilia. "Halafu acheke akiwa ameshiba."

Unga ule ulikuwa chakula cha samaki. Mama alikuwa akifuga mwatiko katika bwawa lililokuwa nyuma ya Tudor, pale mkono wa bahari unapoingia ndani na mikoko inaposongamana. Watu fulani walikuwa wamelichimba wakalitelekeza, na Mama akalichukua yeye na rafiki yake, Mama Kadzo, Mgiriama mmoja mcheshi aliyekuwa akifanya kazi ya usafi katika shule moja na kuimba kwaya Jumapili. Maji yake hayakuwa ya bahari wala ya kisima. Bahari iliingia kwa lango dogo la mbao wakati wa maji makuu, na mvua ikateremka kutoka mitaani, vikachanganyika humo. Kila tukifika, Mama alichovya kidole akaonja. "Kama machozi," alisema akiridhika. Yakizidi chumvi au yakipungua, alikunja uso, akaenda kulishughulikia lango.

Bibi hakuwaelewa. "Mwampikia samaki, kisha mwampika samaki! Hayo ni mambo gani?" Aliapa kwamba samaki wa kufugwa kama kuku hatapita kooni mwake, ingawa kwa kunguru alikuwa mkali kuliko askari.

Kuhusu Baba, lazima nieleze kidogo. Alikuwa nyapara wa makuli kwenye godauni moja Shimanzi. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba magunia ya mchele, sukari na kahawa yanapangwa hadi karibu na dari bila kuanguka. Alikuwa na sauti, jamani. Akisema "Haya!" mlangoni mwa godauni, dereva aliyekuwa nyuma kabisa ya foleni alikuwa akiwasha injini. Nilipokuwa mdogo zaidi alinichukua mara moja moja, akaniketisha juu ya mizani, na mimi nikaamini kwamba bandari yote inamtii yeye.

Kisha godauni likafungwa. Mizigo ikawa inapita moja kwa moja kwenda bara, na Baba akarudi nyumbani na viatu vyake vya kazi ndani ya mfuko wa plastiki. Akaviweka chini ya kitanda. Akawa anakaa barazani na redio ndogo ambayo mara nyingine ilikuwa imezimwa. Ile sauti nayo ilikuwa kama imefungiwa kule Shimanzi. Mezani alianza kuomba chumvi kwa ishara ya mkono.

Hapo ndipo Mama alipoacha kuuza viazi karai mlangoni, akaingia bwawani kwa nguvu zake zote. Kila jioni alimsimulia Baba habari za huko: mwatiko wameota mgongo mpana, kaa wanatoboa tuta, lango linavuja. Baba aliitika "Mm," akaendelea kula. Hakuwahi kukanyaga kule. Wazee wenzake barazani walimtania, "Bwana, mkeo amefungua mkahawa wa samaki, wewe huendi kuonja?" Naye alicheka pamoja nao, lakini nilimwona akivuta miguu yake chini ya benchi.

Kulisha ilikuwa kazi yangu, na niseme bila haya kwamba niliijua. Baada ya shule tulipanda tuktuk na ndoo yetu, dereva akilalamika njia nzima. Nikifika niligonga kopo la bati kwenye nguzo ya lango, kisha nikangoja. Mwanzo hakuna kitu, ni maji ya kijani tu na nzi. Halafu uso wa maji unakunjamana kwa mbali, kama kitambaa kinachovutwa, na mkunjo ule unakuja kwako. Konzi ya kwanza ikitua, bwawa linachemka. Migongo ya fedha inapindana, mikia yenye panda inapiga maji, vinywa visivyo na meno vinafunguka na kufumba. Ukipiga chafya wote wanatoweka, maana mwatiko ni mwoga kupita kiasi. Basi nilijifunza kusimama kimya, kutupa kwa mkono mlaini, na kutovaa nguo nyekundu.

"Tazama midomo yao, usitazame ndoo yako," Mama alinifundisha. "Midomo ikipungua, acha, hata kama ndoo imejaa." Chakula kinachobaki huzama, huoza, na kuwanyima samaki pumzi. Siku nyingine maji yalikuwa mazito na samaki wakihema juu juu, na tulirudi nyumbani na ndoo vile vile bila kutupa hata chembe. Mwanzo nililia kwa kuwahurumia. Baadaye nikawa mimi ndiye ninayesema, "Mama, leo tusiwape," naye akaonja maji, akanitazama, akakubali.

Walikuwa wamekaribia kuvuliwa. Mama alikuwa ameshakubaliana na mama mmoja wa Marikiti awachukue, na hayo ndiyo yangekuwa mavuno yetu ya kwanza. Hakuzungumza jambo jingine. Hata akisuka nywele zangu alikuwa akipanga nani atashika wavu upande upi.

Jumamosi moja ya mwisho wa masika tuliamka mvua ikiwa imetoka tu kukatika. Ilikuwa siku ya bamvua, maji makuu kuliko yote ya mwezi, na Mama hakutaka hata chai ipoe. Alinipa mahamri mawili nile njiani tukaondoka. Tulipofika tulimkuta Mama Kadzo ameshavua viatu, amejifunga leso kiunoni, anasukuma matope kwa mikono.

"Tundu la kaa," alisema bila kuinua kichwa. "Limekuwa bomba, Mama Zai."

Bahari ilikuwa imepanda upande wa nje wa tuta hadi kupita kimo cha maji ya bwawani, na pale chini, mahali ambapo kaa alikuwa amejichimbia nyumba, maji yalikuwa yanaruka kwa ndani kama mfereji uliovunjika. Mama alijitupa magotini. Akashindilia matope, akashindilia majani, akavua leso yake ya pili akaishindilia nayo. Kwa muda kidogo ilitulia. Kisha tuta likatoa sauti ndogo, kama mtu mzito anayekaa kitandani, na kipande chenye upana wa mlango kikaporomoka. Bahari ikaingia ya rangi ya kahawa, na povu, na vijiti, na makelele ya wanawake wawili, na mmoja wao alikuwa mamangu.

Nilidhani samaki watakimbia. Wangekimbia, ingekuwa afadhali. Mwatiko hupenda maji mapya. Niliona migongo yao ikijipanga, mmoja nyuma ya mwingine, ikielekea kwenye lile pengo kama watoto wanaotoka shule. Wakubwa wenye nguvu walikuwa wameanza kupanda mkondo.

"Wanakwenda!" Mama Kadzo alipiga kelele. "Wanakwenda, jamani!"

Hata mimi nilielewa. Maji yakiwa yanaingia, wengi wao wataishia kuzunguka pale pengoni. Lakini bahari haikai juu siku nzima. Itakapogeuka na kuanza kupwa, bwawa lote litamwagika kupitia pengo lile, na mwatiko wote wataondoka nalo.

Mama alinishika mabega kwa mikono ya matope. Uso wake ulikuwa umetulia ghafla. "Zai, chukua ndoo. Nenda pembe ya mwisho kabisa, kule kwenye mikoko. Gonga kopo, wavute."

"Niwamwagie chote?"

"La! Wakishiba watakuacha. Wape kama siku zote. Kidogo, ungoje. Kidogo, ungoje. Usiache mpaka nikuite mimi."

Nilikimbia juu ya tuta nikiteleza. Nyuma yangu nilimsikia akimwambia Mama Kadzo apige simu, na nikawaona vijana wa bwawa la jirani wakija mbio na mabeleshi. Mama alizungumza nao, akawaonyesha kwa kidole kichuguu cha udongo kikavu kilichokuwa mbali, nao wakaenda kuchimba huko. Sikulitilia maanani. Nilikuwa na kazi yangu.

Niligonga kopo kwenye mti. Hakuna aliyekuja. Nikagonga tena, nikatupa konzi, unga ukaelea peke yake. Mshindo wa maji kule pengoni ulikuwa mkubwa kuliko kopo langu. Nikajiambia, wewe ndiye unayewalisha kila siku, hawana mwingine wanayemjua. Nikavuta pumzi, nikatuliza mkono, nikagonga kwa mwendo ule ule wa kila jioni kana kwamba hakuna lolote lililotokea duniani. Nikangoja.

Mkunjo ulikuja. Mdogo kwanza, wa wale wadogo wadogo wenye tamaa. Nikawatupia, wakachemsha maji, na kelele ya kula kwao ikawaita wengine kuliko nilivyoweza kuwaita mimi. Punde pembe ile yote ilikuwa imejaa fedha inayogeuka. Nilitamani kupiga vigelegele, lakini nilibana midomo. Kidogo, ungoje. Wakianza kulegea na kutazama kule pengoni, nilitupa. Wakitulia, nilingoja. Jua lilitoka, likanichoma shingo. Mbu wa mikokoni walininywa watakavyo. Ndoo ilikuwa inashuka, na mimi nikaanza kutupa kwa vidole vitatu badala ya konzi, kisha vumbi tupu.

Ndipo niliposikia sauti.

"Haya! Lete! Mdomo wa gunia chini, chini nimesema! Lala upande! Haya!"

Nusura nidondoshe ndoo. Sikuwa nimeisikia sauti ile kwa muda mrefu kiasi kwamba nilidhani naiota. Niligeuza kichwa polepole, nisiwashtue samaki. Tuktuk ilikuwa imesimama juu kwenye njia, imefurika magunia matupu hadi dereva haonekani, na makuli wawili wa Shimanzi walikuwa wanateremka nayo mabegani. Baba alikuwa ndani ya pengo. Maji yalimfika kifuani. Alipoinua mguu kukanyaga gunia, niliona amevaa viatu vyake vya kazi.

Vijana wa jirani waliyajaza magunia udongo wakayaleta mbio, na yeye akayapokea na kuyapanga kama alivyopanga kahawa. Safu moja imelala hivi, ya pili imelala kuikata ile ya kwanza, kila gunia likikalia maungio ya mawili yaliyo chini yake. Gunia moja lilichukuliwa na maji, akaliapiza kwa neno ambalo nililifahamu nilipokuwa mtu mzima. Mama alisimama juu ya tuta akimpitishia fito za mikoko, naye akazikita mbele ya magunia kwa nyundo. Hawakuangaliana. Walikuwa wanafanya kazi kama watu waliopika jiko moja miaka yote.

Ndoo yangu iliisha. Niliikung'uta, nikaigeuza, nikaipiga matako. Midomo ilianza kupungua. Mkunjo mmoja ukageuka kuelekea pengoni, wa pili ukaufuata. Nilipapasa mfuko wa gauni nikakuta hamri moja ambalo kwa haraka ya asubuhi sikulila. Nikalifikicha kwa ukucha, chembe kwa chembe, nikawatupia mwatiko wa mamangu hamri la iliki. Nawaambia kweli, walilipenda. Tangu siku ile nina hakika kwamba samaki anajua ladha.

Maji yaligeuka nikiwa na makombo ya mwisho kiganjani. Niliona majani yaliyokuwa yanaelea yakisimama, yakatafakari, kisha yakaanza kurudi baharini taratibu. Yalifika kwenye magunia yakakwama. Maji yalivuja katikati, nyuzi nyembamba tu, na Baba akayaegemea magunia kwa mgongo wake mzima akisema, "Matope! Pakeni matope!" Wakapaka. Nyuzi zikakoma moja moja.

"Zai!" Mama aliita. "Basi, mwanangu!"

Nilikaa kitako pale pale kwenye tope nikalia, na hadi leo sijui kwa nini, maana nilikuwa na furaha. Baba alikuja kunichukua. Alinuka bahari na udongo. Alinibeba begani kama gunia, akanipitisha juu ya tuta lake jipya, akaruka juu yake mara mbili kunionyesha kwamba halitikisiki.

Wengine walituponyoka, sikatai. Siku ya mavuno tuliona kwamba wale wakubwa kabisa walikuwa wachache kuliko tulivyotarajia. Lakini wavu ulikuwa mzito vya kutosha kuwafanya makuli wa Baba wagune. Mama wa Marikiti aliwachukua, na Mama akawarudisha nyumbani wanane wa kuchoma. Bibi aliukalia msimamo wake mpaka harufu ya ukwaju ilipopanda ngazi. Akaomba kipande cha kupimia tu. Akatoa mifupa, ambayo mwatiko anayo mingi, akaipanga kando ya sahani, akaomba cha pili. "Hana ndimu ya kutosha," ndiyo sifa aliyotupa, na tangu hapo akawa anauliza mavuno ni lini.

Baba hakurudi kukaa barazani, ila Ijumaa baada ya swala. Alipanua tuta, akachimba bwawa la pili, na akawa anabishana na Mama kuhusu lango la maji kwa sauti iliyosikika hadi ng'ambo. Kwa miaka mingi nilisimulia hadithi ile kama hadithi yangu: mimi niliyewazuia samaki kwa kopo na hamri. Na ni kweli niliwazuia, sitamwachia mtu sifa hiyo.

Lakini mwaka jana nilikwenda kumtazama Mama Kadzo alipokuwa na homa, na katika mazungumzo akacheka akasema, "Mamako siku ile alinitia kichaa." Akanieleza ambacho sikukiona. Wale vijana wa jirani walifika na mabeleshi yao wakiwa tayari kuingia kwenye pengo. Walilijua jambo lile, walikuwa wameshaziba matuta yao wenyewe. Mama akawazuia. Akawapeleka kule mbali kuchimba udongo, akawaambia mwenye kuziba anakuja. "Nikamwambia, Mama Zai, mwenyewe yuko Kibokoni na maji yako hapa! Akaniambia, mpigie. Mwambie tumeshindwa, aje na magunia."

Mtoto niliyekuwa kule mikokoni alihesabu samaki tu. Hakujua kwamba mamake, aliyekuwa hapati usingizi kwa kuyawaza mavuno yale, alisimama na matope hadi viwikoni, akayaweka yote rehani mbele ya bahari inayopanda, ili mtu mmoja aliyekaa na redio iliyozimwa aitwe kwa kazi anayoiweza. Nami nilimwona akifanya hivyo kwa macho yangu, nikadhani anaonyesha watu kichuguu.

Nilipomuuliza Mama, hakukana. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua hata uso.

"Bwawa huchimbwa jingine, mwanangu," alisema. Kisha akainuka, akachungulia dirishani, akamwita Baba aje kula.